Fuata Maji: Utangulizi wa Elimu ya Sabuni ya Dodoki

Dodoki lililokaukia mtini ni jepesi kuliko unavyodhani kabla ya kulishika. Litikise karibu na sikio: mbegu zinagonga ndani kama kokoto kwenye kibuyu. Ganda limekuwa la kahawia, ukilibana kwa vidole linapasuka vipande vipande, na humo ndani unatokea wavu wa nyuzi ngumu zilizosukana. Kata kipande cha unene wa vidole viwili ukitazame kwa mbele. Utaona matundu matatu makubwa yamezunguka kiini kimoja. Humo ndimo zilimokaa mbegu. Nyuzi zenyewe ni mishipa iliyokuwa ikipitisha maji na chakula tunda lilipokuwa bichi. Anayeshika dodoki kavu ameshika mifereji ambayo maji yake yamekwisha kwenda zake.

Kitabu hiki kinahusu kipande hicho kinapozamishwa ndani ya uji wa sabuni na kuganda humo, ukatoka mche mmoja unaosafisha na kusugua kwa pamoja. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Hata hivyo, kwa miaka yote niliyokitengeneza na kukifundisha, kila nikipata tatizo hujikuta nimerudi kwenye swali moja: maji yako wapi sasa hivi? Kuna maji yaliyolala kwenye nyuzi, maji yaliyoyeyusha kostiki, maji yanayotoka taratibu mche ukiwa rafuni, na maji yanayorudi bafuni. Ukiyafuata hayo, mambo mengine ya fani hii hujipanga yenyewe. Karibu basi, uwe mwanafunzi wa kemia, mama wa VICOBA anayetafuta mradi, au mtu aliyeona mdodoki umetambaa juu ya ua wa jirani akajiuliza unafaa nini.

Tuanze na mmea. Mdodoki ni ndugu wa boga, tango na mumunye. Wataalamu wa mimea huuita Luffa aegyptiaca, jina lililochapishwa na Philip Miller wa Uingereza mwaka 1768, na hilo neno luffa wamelitoa kwenye Kiarabu. Neno sabuni nalo tumelipata kwa Waarabu, ingawa lina safari ndefu zaidi: Plinius, Mrumi wa karne ya 1, aliandika sapo akieleza mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na majivu uliotumiwa na watu wa Galia kupaka nywele. Likiwa changa, dodoki huliwa kama mboga. Likikomaa halitafuniki tena. Anayelitaka kwa nyuzi huliachia jua kazi ya kulikausha mpaka ganda lianze kuachana na nyama. Wapo wanaolichuma mapema kwa haraka ya soko, wakalimenya likiwa bado na rangi ya kijani. Nyuzi zake huwa laini, zinalegea ndani ya mche baada ya kuoga mara chache. Mimi hununua la kahawia, na lisipolia nikilitikisa silinunui.

Sasa sabuni. Watu wameitengeneza kwa karne nyingi bila kujua kinachotokea ndani ya chungu, na waliitengeneza vizuri. Aliyefungua siri hiyo ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, katika kitabu chake cha mwaka 1823 kuhusu mafuta ya wanyama. Mafuta, kwa maelezo ya leo, ni asidi mafuta tatu zilizoshikwa pamoja na glisirini. Kostiki soda inapoingia, kifungo hicho kinakatika: kila asidi inaungana na sodiamu kuwa sabuni, na glisirini inabaki huru. Katika viwanda vikubwa glisirini hutolewa ikauzwa peke yake. Katika sabuni ya mkono inabaki ndani, na hiyo ni sababu mojawapo ya ngozi kutokakamaa baada ya kuoga. Kumbuka pia kwamba glisirini hupenda maji. Tutakutana nayo tena wakati wa masika.

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu 1 ya mafuta ya nazi inahitaji takribani gramu 0.183, ya mawese gramu 0.141, ya nyonyo gramu 0.128. Chukua basi mafuta ya nazi gramu 500, mawese gramu 400 na nyonyo gramu 100. Hesabu inakupa 91.5, 56.4 na 12.8, jumla gramu 160.7. Punguza asilimia 5 ili pabaki mafuta kidogo yasiyoshikwa, maana kostiki inayobaki huunguza na mafuta yanayobaki hulainisha. Unapata karibu gramu 153 za kostiki, ziyeyushwe katika maji gramu 305. Pima kila kitu kwa mizani, hata maji. Kikombe na kijiko viache jikoni.

Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya kostiki. Joto la mchanganyiko huo linaweza kupita nyuzi 80 bila moto wowote chini yake. Na hapa nisisitize jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulipitia kwa mstari mmoja, ilhali kwetu ni la kwanza: sufuria nyingi za nyumbani ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu huku ikitoa hewa ya haidrojeni inayowaka. Chombo ulicho nacho karibu kuliko vyote ndicho kisichofaa. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu, vaa glavu na miwani, na weka maji mengi ya kunawia karibu. Watoto wasiwepo.

Kuhusu mafuta, pwani tumejaliwa. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na sabuni yake inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Aliyelelewa kwenye kisima cha maji ya chumvichumvi anajua sabuni nyingine zinavyogoma, zikaacha utando mweupe juu ya beseni. Kigoma wana mawese, na wana mafuta ya mise yanayotoka kwenye kokwa za chikichi, ambayo tabia yake inakaribiana na ya nazi. Mafuta ya nazi yenyewe huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo yakiwa Tanga yanamiminika, na yakifika Njombe asubuhi ya Julai unayachota kwa kijiko. Sura ya tatu inaeleza namna ya kurekebisha joto kulingana na mahali ulipo.

Hadi hapa ni elimu ya sabuni yoyote. Fani yetu inaanza dodoki linapoingia.

Miche yangu ya kwanza ya dodoki niliikata baada ya wiki sita nikiwa na uhakika kamili. Nje ilikuwa migumu na safi. Ndani, kuzunguka kila uzi, palikuwa na sabuni laini kama jibini changa, na katikati ya tundu moja palikuwa na tone la maji ya rangi ya chai. Nilirudia hesabu ya kostiki mara tatu sikuona kosa. Kosa lilikuwa kwamba nililiosha dodoki jioni, nikalikung'uta, nikaliona limekauka kwa nje, na kesho yake asubuhi nikamimina. Nilikuwa nimepima maji ya kuyeyushia kostiki hadi gramu ya mwisho, lakini sikupima maji yaliyojificha ndani ya nyuzi. Dodoki lina uwezo wa kubeba maji mazito kuliko lenyewe mara kadhaa, na yote yale yaliingia kwenye sabuni yangu bila kuhesabiwa. Tangu siku hiyo hupima dodoki kavu kabla ya kuliosha, nikalianika, nikalipima tena, na simimini mpaka namba mbili zilingane.

Kosa la pili linahusu hewa. Uji ukiwa mzito hauingii kwenye nyuzi. Unakaa juu kama ugali, na mche ukikatwa unaonyesha mapango. Kwa hiyo mimina mapema, wakati kijiko kikiinuliwa kinaacha mstari hafifu juu ya uji ambao unafutika baada ya muda mfupi. Mimi hutumia kipande cha bomba la plastiki la inchi 3, kilichozibwa chini kwa karatasi ya nailoni na mpira. Dodoki linasukumwa ndani likiwa limebana, ili lisielee. Uji unamiminwa taratibu kupitia tundu moja tu kati ya yale matatu, na hewa inatoka kwenye mawili yaliyobaki. Weka sikio karibu utasikia inavyotoka. Kisha gonga bomba juu ya meza, ngoja, ongeza uji, gonga tena.

Ukitaka miche ya duara, kata dodoki vipande kabla ya kumimina. Kisu kinachokata sabuni na nyuzi kwa pamoja huburuta, kikaacha mche umechanika upande mmoja. Wenye msumeno wa meno madogo wanaweza kukata baadaye, siku ya pili au ya tatu, sabuni ikiwa imeshikamana lakini bado haijawa ngumu.

Kuna mambo hapa yanayongoja watafiti, na ningependa wawe vijana wetu. John Mercer wa Uingereza alisajili hataza mwaka 1850 baada ya kuona kwamba nyuzi za pamba hufura na kubadilika zikilowekwa kwenye kostiki kali. Dodoki nalo limejengwa kwa selulosi na lignini, na uji unaomiminwa juu yake bado una kostiki inayofanya kazi. Nyuzi hubadilika rangi zikawa za manjano iliyokolea. Hilo kila mtengenezaji ameliona. Kinachotokea kwenye mpaka wa uzi na sabuni katika saa zile za kwanza ni swali la maabara yenye hadubini na mwanafunzi mvumilivu.

Halafu kuna kukausha. Sabuni hupoteza maji kwa wiki kadhaa na kunywea. Uzi uliokwisha kukauka hunywea kidogo tu. Ndiyo maana miche iliyoanikwa kwenye upepo mkali hupata nyufa kando ya nyuzi. Ncha za nyuzi zinazochungulia pembeni hufanya kazi ya utambi: wakati wa kiangazi zinatoa maji, na wakati wa masika zinaweza kuyaingiza, zikisaidiwa na ile glisirini. Sabuni ikitoka jasho mwezi wa Aprili, usiifute ukaifunga kwenye nailoni. Irudishe rafuni. Miche ya kawaida huachwa wiki nne hadi sita. Ya dodoki mimi huiacha wiki nane, nikipima mmoja kila Jumamosi hadi uzito uache kushuka.

Safari ya mwisho ya maji ni bafuni kwa mnunuzi, na hapo watengenezaji wengi wananyamaza. Mwaka 1994 Edward Bottone na wenzake walichapisha utafiti wao ulioonyesha kwamba madodoki ya kuogea yanaweza kuhifadhi bakteria na kuwapeleka kwenye ngozi. Sabuni inapoliwa na maji, nyuzi zinabaki wazi na unyevu. Mwambie mnunuzi aukaushe mche kila baada ya kuoga, kwenye kitako chenye matundu au kwa kuutundika kwa kamba, na nyuzi zikibaki tupu azitupe. Mwambie pia ni wa visigino, viwiko na miguu, na kwamba uso wa mtoto mchanga hausuguliwi na kitu kama hiki. Huniuma kuona sabuni nzuri imebandikwa maneno ya kutibu chunusi na kuondoa makovu. Inasafisha na inasugua, na kwa kazi hiyo inatosha kuuzwa kwa heshima. Mwenye nia ya kuuza atafute mafunzo SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973, na aulize masharti TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi Tanzania.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, tafuta dodoki moja kavu. Lipime, uandike gramu zake. Liloweke kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi ulikung'ute vizuri kama unavyoona inafaa, ulipime tena. Kisha lianike na uendelee kulipima kila siku kwa saa ile ile mpaka lirudi kwenye namba ya kwanza. Ziandike namba hizo zote kwenye jalada la ndani la kitabu hiki. Hesabu ya kwanza tutakayofanya pamoja itaanza nazo.