Bomba la moshi nalo huchakaa

Juni ikiingia, baridi ya milima ya Uluguru hushuka hadi Kingolwira, madirisha hufungwa mapema na moto hukaa jikoni muda mrefu zaidi. Mwenye jiko banifu la kuni, lile la matofali lenye bomba la moshi, hujiona salama kuliko jirani anayepikia mafiga. Kwa kawaida ni kweli. Lakini usalama wake unategemea mahali asipopaona, yaani ndani ya bomba.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Bomba husaidia kwa kuutoa moshi nje, mradi halivuji. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo, na udongo unaoyaunga matofali hupasuka kwa joto. Ndiyo maana dohani nzuri husiribwa kwa ndani, ili moshi usipenye ukutani na joto lisifike kwenye mbao za paa. Wengi husiriba kwa sementi wakiamini ndiyo imara. Moto huipasua. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na maganda ya mpunga hustahimili zaidi, tena fundi akiuona umechimbika anaweza kuubandua na kusiriba upya.

Ufa ukitokea, masizi yatakuonyesha mstari mweusi ukutani. Kisichoonekana ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa huku mtu bado anapumua. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, dalili ambazo kwetu huitwa malaria haraka sana. Mkiumwa kichwa nyumba nzima kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, shukuni jiko. Fungueni milango, tokeni wote, aliyelegea apelekwe hospitali mara moja. Na jiko la mkaa, ambalo halina bomba kabisa, lisilale chumbani hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Makaa hayo ndiyo yanayotoa gesi hiyo kwa wingi.

Kuni mbichi huleta balaa la pili. Moshi wake una maji mengi, hupoa kabla haujatoka, na huacha lami nyeusi inayong'aa kwenye kuta za bomba. Lami hiyo hushika moto. Ikiwaka, bomba hunguruma, na kama plasta ya ndani imebanduka, joto huenda moja kwa moja kwenye kenchi. Anika kuni kabla ya masika, uzihifadhi pakavu.

Mabomba ya bati yana kasoro yake. Bati jeupe la kuezekea limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 420. Karibu na moto ngozi hiyo huisha, kutu inaingia, na moshi wenye unyevu unamalizia kazi. Mita ya kwanza juu ya jiko iwe ya matofali au chuma kizito kisichopakwa zinki.

Jiko likiwa limepoa, gonga bomba taratibu: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu na kumwaga vipande. Mulika tochi kwa chini, kisha pitisha burashi ya waya iliyofungwa kwenye kamba. Bati lililotoboka halizibwi kwa udongo, hubadilishwa. Viwango vya usalama wa moto vya Marekani vinataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, ingawa nyumba nyingi za huko huwasha moto miezi michache tu. Jiko la kupikia kila siku lichunguzwe kila mwezi.

Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wewe ambaye gesi bado haijakufikia au bei yake inakushinda, mwite fundi mwezi Mei, kabla baridi haijaanza.