Upele: Ugonjwa wa Ukoo au wa Nyumba?

Upele ukiwashika watu watatu wanne wa nyumba moja, majirani hunena, "Ni ugonjwa wa ukoo wao," ama hudhani wamerogwa. Yafaa sisi walimu tupambanue maneno haya mawili, ukoo na nyumba. Ndugu wa damu akaaye mbali hana upele. Mgeni wa ukoo mwingine alalaye humo ajikuna pamoja nao. Basi ugonjwa huu haufuati damu, wafuata malazi.

Asili yake ni mdudu mdogo mno, ambaye Mwitalia Bonomo alimweleza mwaka 1687 baada ya kumtazama kwa darubini. Jike huchimba ngozini na kutaga humo mayai. Mwaka 1941, huko Sheffield, Uingereza, mtaalamu Mellanby aliwalaza watu waliojitolea katika mablanketi ya askari wenye upele: walioambukizwa walikuwa wachache sana. Lakini waliolala kitanda kimoja na mgonjwa waliambukizwa. Mwili kugusana na mwili ndiyo njia yake kubwa.

Tuseme sasa ni Julai huko Mpitimbi, katika nchi ya juu ya Songea, na kwa ajili ya baridi watoto hulala wamebanana. Mmoja ajikuna katikati ya vidole, mwenzake kiunoni. Baba asema, "Mimi ni mzima, siwashwi." Hapo ndipo penye hatari, kwani aambukizwaye mara ya kwanza huweza kukaa majuma 4 hata 6 pasipo kuwashwa, na huku awaambukiza wengine. Mtoto akitibiwa peke yake, kisha akalala tena kando ya baba, upele humrudia. Ndipo watu husema dawa imeshindwa na uchawi, kumbe haikushindwa.

Kwa hiyo wote wa nyumba watibiwe siku moja, wawashwao na wasiowashwa, kwa kadiri waagizwavyo zahanati. Na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Mwasho ukibakia majuma machache, wasikate tamaa. Lakini baka lisilowasha wala kuhisi mguso lisidhaniwe upele: huenda ni ukoma, nao una dawa, mgonjwa apelekwe upesi.

Mwalimu aingiapo nyumba ya namna hii, asiulize, "Nani amewaroga?" Na aulize, "Nani hulala na nani?"