Baiskeli ya Mazoezi Inapogoma

Aghalabu mashine ya mazoezi huingia nyumbani kwa amri ya daktari. Mzee amepimwa, sukari imeonekana imepanda, naye ameagizwa autumikishe mwili kila siku. Magoti yake hayawezi tena vilima, basi wanawe huchangishana fedha wakamnunulia baiskeli ile isiyokwenda popote. Haipiti miezi mingi kabla haijaanza kulia na kugoma, ikageuzwa kitundikio cha nguo. Na mzee hurudi kitini.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi huihesabu kuwa imekufa, kwa kudhani ni chombo cha kigeni kisichojulikana na fundi yeyote wa hapa. Lakini ukiondoa ganda lake la plastiki, utakuta ndani mikono ya pedali, gololi, mnyororo au mkanda, na gurudumu zito la chuma. Fundi baiskeli wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura uliojaa Waswahili na gereji, hana la kushangaa hapo.

Kelele za kukwaruza mara nyingi hutoka kwenye gololi zilizokaukiwa na grisi, au kwenye breki. Mashine nyingi hukazwa kwa kipande cha sufi iliyoshindiliwa, au cha ngozi, kinachobana gurudumu. Kikilika, chuma husuguana na chuma. Fundi viatu aweza kukata kipande kingine cha ngozi kwa kipimo kile kile. Zile zinazokazwa kwa sumaku hazina msuguano huo. Zikilegea ghafla, yafaa kwanza waya wa kukazia utazamwe, kwani huenda umekatika tu, na waya wa gia za baiskeli mara nyingi hufaa mahali pake.

Pedali ndiyo huharibiwa zaidi na mafundi wenye haraka. Ya kulia hufunguliwa kama nati yoyote. Ya kushoto ina hesi za kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha spana kuelekea inakozunguka mishale ya saa. Asiyelijua hilo huvuta kwa nguvu, akazila hesi za mkono wenyewe, na kazi ndogo ikawa ya kuchomea. Kabla ya kununua pedali nyingine, hesi zipimwe: ziko za nusu inchi, na ziko za inchi 9/16.

Mashine ya kukimbilia, yenye mota, ni habari nyingine. (Babu yake ni kinu cha kukanyaga alichokibuni Mwingereza William Cubitt mwaka 1818 ili kuwatumikisha wafungwa, watu sasa hukinunua kwa hiari yao.) Iliyotoka Marekani aghalabu hutaka umeme wa volti 120, hali wa Burundi ni 220. Kubadili plagi pekee ni kuiunguza. Yahitaji transfoma yenye wati za kutosha. Mkanda wake hupakwa mafuta ya silikoni, wala si oili ya gari, ambayo huuharibu. Nayo ichomolewe ukutani kabla ya kufunguliwa, na watoto wawekwe mbali: mkanda unaozunguka huchuna ngozi ya vidole kwa nukta moja.