Violeti ya Mau: Hii Ua Ndogo Wasee wa Nax Wanakanyaga Bila Kujua

Wasee wa Nax, mnajua tuko na violeti yetu ya msituni? Si ile ya kupandwa kwa mkebe dirishani. Yetu inaitwa Viola abyssinica, na Abisinia ni jina la kitambo la Ethiopia.

Panda mat ya Mau Narok, ushuke penye msitu bado umesimama, halafu cheki chini. Inatambaa kando ya vijito na kwa ukingo wa msitu, mahali pa baridi na udongo wenye unyevu. Petali ni tano, zambarau iliyopauka. Ile ya chini iko na mistari ya giza, kama alama za barabara, kumwelekeza mdudu kwa nekta iliyofichwa nyuma.

Noma iko hapa: kuna kipepeo wa rangi ya chungwa, Issoria hanningtoni, na viwavi wake hukula majani ya hii violeti. Miti ikikatwa jua linapiga, udongo unakauka, violeti inaenda, kipepeo naye anakosa menyu. Na kufikia 2009, karibu robo ya msitu wa Mau ilikuwa imeshaenda.

Ukiipata piga picha tu, usiing'oe. Kwa balkoni yako ya Section 58 sidhani itatoboa.