Insha Iliyotawala Uchina: Confucius na Mtihani wa Kifalme

Confucius (551–479 K.K.) hakuacha jeshi wala serikali. Alizaliwa katika milki ndogo ya Lu, akafundisha, akafariki, na semi zake zikakusanywa na wafuasi katika kitabu kiitwacho Lunyu. Je, mafundisho ya mwalimu huyo yalipenyaje hadi yakawa uti wa mgongo wa jamii ya jadi ya Uchina?

Kiini chake kilikuwa uhusiano: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, rafiki na rafiki. Isipokuwa huo wa mwisho, kila uhusiano ulikuwa na mkubwa na mdogo. Mwana aliyemtii baba nyumbani alitarajiwa kumtii mtawala barazani. Kaizari Wu wa enzi ya Han aliyapa mafundisho hayo kibali cha dola katika karne ya 2 K.K.; lakini kilichoyasambaza hasa ni mtihani wa kuajiri maafisa, uliochipuka mwanzoni mwa karne ya 7.

Mtahiniwa alifungiwa katika kijumba cha peke yake siku kadhaa. Tangu enzi ya Song, makarani waliyanakili majibu upya ili msahihishaji asiutambue mwandiko. Hivyo, mtoto wa mkulima angeweza, angalau kinadharia, kuwa hakimu. Kinadharia, kwa sababu miaka mingi ya kukariri ilihitaji familia yenye uwezo. Na wanawake hawakuruhusiwa kabisa.

Mnamo 1313, fasiri za Zhu Xi ziliidhinishwa kuwa msingi wa mtihani. Katika enzi ya Ming ikaja insha ya miguu minane. Hapa mwanafunzi wa fasihi atavutiwa. Mada ilitolewa katika vitabu vya Confucius na wafuasi wake, na mtahiniwa aliifafanua kwa sauti ya wahenga, si yake. Sehemu nne za insha ziliandikwa kwa jozi za vifungu vinavyowiana, mfano wa ukwapi na utao, ila hapa hata muundo wa sentensi na maana vililingana. Fani iliamua hatima ya mtu.

Pu Songling (1640–1715) alifaulu ngazi ya chini akiwa kijana, kisha akashindwa ule wa mkoa mara kwa mara. Aliishi kwa ualimu, huku akiandika hadithi za mizimu na mbweha wanaojigeuza wanawake, utanzu ambao mtihani haukuuthamini. Baadhi ya hadithi hizo zinawakejeli wasahihishaji waziwazi. Hong Xiuquan naye, baada ya kushindwa mara kadhaa, aliongoza uasi wa Taiping (1850–1864) ulioua mamilioni, na wafuasi wake wakavunja mahekalu ya Confucius.

Mtihani huo ulifutwa mwaka 1905. Miaka sita baadaye mapinduzi yakazuka, na mnamo Februari 1912 kaizari wa mwisho akang'atuka. Insha za miguu minane husomwa leo na wataalamu wachache. Mbweha wa Pu Songling wangali wanasomwa na watu wa kawaida.