Maumivu ya Kifua Alfajiri: Usingoje Kukuche

Mtu akibanwa na kifua saa 11 alfajiri, kauli ya kwanza nyumbani huwa ni moja: "Ngoja kukuche, tutaenda dispensari." Huenda ni vidonda vya tumbo, huenda ni baridi. Lakini saa hizo za kuamka ndizo ambazo moyo huwa hatarini zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1985 ulionyesha kwamba mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana kuliko nyakati nyingine.

Sababu ni kwamba mwili una saa yake, inayoongozwa na ubongo na kurekebishwa na mwanga wa jua. Usiku, presha ya mtu mwenye afya hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Kunapopambazuka, mwili hutoa homoni za kutuamsha. Presha hupanda, moyo hupiga kwa kasi, na damu huganda kwa urahisi zaidi. Aliye na ateri safi hata hahisi. Ila ateri iliyojaa mafuta kwa sababu ya miaka mingi ya presha, sukari au sigara huweza kupasuka kwa ndani, damu ikagandia hapo na kuziba njia.

Mabawabu, wauguzi na madereva wa usiku wawe macho zaidi, kwani huamka na kula wakati saa ya mwili inataka walale. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliwakuta wafanyakazi wa zamu na hatari ya mshtuko wa moyo iliyozidi ya wengine kwa takriban asilimia 23.

Je, dawa ya presha inywewe asubuhi au jioni? Utafiti wa Uingereza uliohusisha watu zaidi ya 21,000, uliotolewa mwaka 2022, haukuona tofauti. Chagua saa ambayo hutasahau. Kosa kubwa ni kuacha dawa kwa kuwa unajihisi nafuu. Presha haina kelele. Ukipimwa mara kadhaa na ikawa 140/90 au zaidi, muone daktari.

Na kifua kikibana, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, jasho baridi likakutoka au pumzi zikakukatika, amsha jirani mwenye gari, hata kama ni saa 9 usiku, uende hospitali.