Mbono Kaburi: Upande Mpakani, Usiupande Shambani

Katika ziara zetu vijijini bado tunaulizwa kuhusu mbono kaburi. Wapo wanaotaka kuupanda kwa wingi na wapo wanaotaka kuung'oa kabisa. Tumeona vema tueleze mmea huu ni wa nini hasa.

Mbono kaburi, kwa jina la kitaalamu Jatropha curcas, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ni kichaka chenye maua madogo ya rangi ya kijani-njano na utomvu mwingi. Ni wa jamii moja na mbarika, lakini ni mimea miwili tofauti.

Kwa nini ulivunja watu moyo?

Kati ya mwaka 2005 na 2008 mmea huu ulisifiwa sana kwa sababu mafuta yake yanaweza kuendesha injini za dizeli. Wakulima waliambiwa kuwa unastawi penye ukame na udongo uliochoka. Ni kweli kwamba hapo haufi, lakini kutokufa si kuzaa. Penye mvua haba mbegu huwa chache. Tena matunda hayaivi kwa pamoja, hivyo uvunaji hudai siku nyingi na mikono mingi. Hata shamba kubwa la kampuni ya kigeni huko Kisarawe lilisimamisha kazi mwaka 2011. Aliyetoa shamba lake la mahindi kwa ajili ya mbono alibaki bila chakula na bila fedha.

Faida zake za kweli

Kwanza, ni uzio hai. Mifugo haili majani yake, kwa hiyo hulinda bustani na boma bila kukata miti ya nguzo kila mwaka. Pili, ukipandwa kwa kufuata kontua husaidia kuzuia mmomonyoko wa udongo. Tatu, mbegu zina mafuta kiasi cha asilimia 30 hadi 40, na mafuta hayo hutengeneza sabuni nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vya akina mama wilayani Monduli vilichuma mbegu kutoka kwenye uzio uliokuwapo tayari. Hawakupoteza hata mstari mmoja wa mahindi. Nne, mashudu yake ni mbolea nzuri.

Jinsi ya kupanda

1. Kata vipande vya matawi yaliyokomaa, urefu wa sentimita 40 hadi 50, na uviache kivulini siku chache ili utomvu ukauke.
2. Vipande mwanzoni mwa mvua, kwa nafasi ya sentimita 20 hivi. Epuka mahali panapotuama maji, kwani mizizi itaoza.
3. Palilia mwaka wa kwanza na pogoa kila mwaka wakati wa kiangazi.
4. Vuna matunda yakiwa ya njano au kahawia, na uanike mbegu kivulini.

Kwa kinu cha mkono, andaa kilo 4 hadi 5 za mbegu kwa lita moja ya mafuta.

Tahadhari

Mbegu za mbono kaburi ni sumu. Zina ladha tamu kidogo, hivyo watoto huzila wakidhani ni karanga, kisha hutapika na kuharisha. Mtoto akila, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mafuta yake hayafai kupikia, na mashudu wasipewe mifugo. Usiupande karibu na shule wala mahali wanapochezea watoto. Wanaotengeneza sabuni wavae glavu, na wamimine kostiki soda kwenye maji, kamwe wasimimine maji kwenye soda.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa vikundi ni huu: anzeni na uzio mlio nao. Hesabuni debe mnazopata kwa msimu na sabuni mnazouza. Shamba libaki la chakula.